KIPIMO CHA MWILI MZIMA KINAPIMA POCHI YAKO

1.
Mama, kama wiki hii kuna mtu amekuambia "njoo upime mwili mzima kwa elfu kumi tu, bila kuchomwa sindano," usitoe hiyo hela kabla hujasoma hapa hadi mwisho. Ni ndefu. Nimeikata vipande ili usome kidogo kidogo ukiwa unanyonyesha, au ukiwa kwenye Hiace ya kurudi Marangu.

Unaijua hiyo meza. Siku ya gulio iko pembeni ya soko. Jumapili iko nje ya kanisa. Siku ya VICOBA imealikwa ndani kabisa. Juu ya meza kuna kompyuta, na kuna kirungu cha chuma chenye waya. Unaulizwa jina, umri, urefu na uzito. Unashika kirungu kama dakika moja. Halafu inatoka ripoti ya kurasa kibao: ini, figo, mifupa, macho, kizazi, homoni, vitamini, "sumu mwilini". Karibu kila mstari una shida. Na bahati nzuri sana, dawa ya shida zote hizo iko kwenye boksi chini ya meza hiyo hiyo. Dozi ya mwezi laki na nusu. Ukilalamika inashuka hadi laki na ishirini, "kwa sababu ni wewe."

Nasema bila kuzunguka: huo ni utapeli. Wala siyo tiba mbadala. Kuna waganga wa tiba asili waliosajiliwa na ninawaheshimu. Mtu wa kirungu siyo mmoja wao kwa sababu tu ameweka picha ya jani kwenye boksi.

2.
Kwanza tuelewane kuhusu vipimo, maana hapa ndipo wanapotupiga.

Vipo vifaa vinavyopima bila sindano. Mkanda wa presha unaubana mkono, ndiyo maana unaweza kusoma msukumo wa damu. Kile cha kubana kidoleni kinapitisha mwanga, ndiyo maana kinasoma oksijeni. Kipimajoto kinasoma joto. Lakini angalia: kila kimoja kinapima kitu kimoja au viwili, na nesi anaweza kukueleza kinapimaje.

Wingi wa damu tunapima kwa tone la damu. Sukari, tone la damu. Malaria, tone la damu. Ini na figo, damu ya mshipani inakwenda maabara. UTI ni mkojo. Uvimbe kwenye kizazi unaonekana kwa ultrasaundi. Hakuna kiganja duniani kinachoweza kusema kizazi chako kina uchafu na goti lako linakosa mafuta kwa kushika chuma kwa dakika moja.

Unataka kuhakikisha? Nenda na mume wako. Wewe shika kirungu, lakini waandikishe umri wake, uzito wake, na kwamba ni mwanaume. Uone kama mashine itajua kwamba aliyeshika ana mimba ya miezi sita. Au pima asubuhi, rudi jioni kwa jina lingine na umri mwingine, halafu linganisha ripoti mbili. Ukimwambia mwenye meza unataka kufanya hivyo, tazama uso wake. Hicho ndicho kipimo pekee cha kweli utakachopata hapo, na ni bure.

3.
"Lakini nesi, mbona mimi ilinipatia? Iliniambia nina upungufu wa damu na mgongo unaniuma."

Dada yangu, sikiliza hesabu hii. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ilikuwa asilimia 58. Maana yake, mtu akikaa pale Kiboriloni na kumwambia kila mwanamke anayepita "una upungufu wa damu", karibu nusu ya wale anaowaambia atakuwa amewapatia. Bila mashine. Bila hata kuwaangalia usoni. Kwa watoto atapatia zaidi ya nusu.

Na mgongo? Umebeba mtoto mgongoni, umekata majani ya ng'ombe, umepanda na mkungu wa ndizi kutoka kihambani hadi barabarani. Ni mwanamke gani wa huku kwetu mgongo haumuumi? Umejifungua juzi, hulali usiku, umechoka. "Mvurugiko wa homoni." Mwanao ana meno ya kahawia. "Upungufu wa kalsiamu." Wakati ukanda huu wa Kilimanjaro na Meru unajulikana kwa floridi kwenye baadhi ya vyanzo vya maji, na ndiyo inayotia meno rangi tangu yanapoota.

Kwa hiyo hakuna maajabu. Ripoti yenye mistari mingi lazima iguse mahali. Wewe unakumbuka mistari mitatu iliyogusa, unasahau ile arobaini iliyokosea.

4.
Sasa tuongelee hasara. Wengi wanadhani hasara ni hiyo laki na nusu. Laki na nusu ni nyingi, ni debe ngapi za kahawa hizo. Lakini ingekuwa hela tu, nisingeandika haya yote.

Hasara ya kwanza: mjamzito anaacha vidonge vya damu. Vile vyekundu vya kliniki, vya madini chuma na foliki asidi, ambavyo mama mjamzito anapewa bila malipo. Anaambiwa "hivyo ni kemikali, tumia hii ya asili." Mjamzito akiwa na damu chini ya 11 tayari ana upungufu. Akija kujifungua na damu ndogo, kisha akatokwa damu nyingi baada ya mtoto kutoka, hana akiba. Hapo tunatafuta damu ya kumwongezea, ndugu wanakimbia huku na huku, na muda hautungoji.

Hasara ya pili: kuchelewa. Mwanamke anatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au anatoa uchafu wenye harufu mbaya usioisha. Anaambiwa ni "uchafu kwenye kizazi", anapewa boksi la kusafisha. Likiisha, boksi la pili. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu, na ni moja ya saratani zinazozuilika kabisa ukipimwa mapema. Uchunguzi ni wa dakika chache, kwa siki na taa, na vituo vingi vya serikali vinaufanya bure. Miezi sita ya maboksi inaweza kugeuza kitu cha kutibiwa siku moja kuwa safari ya mionzi na dawa za saratani.

Hasara ya tatu: mtoto. Ndugu wa biashara hii ni yule anayesema mtoto anaharisha kwa sababu ana "meno ya plastiki", anayang'oa kwa kitu chenye ncha, kinywani mwa mtoto wa miezi mitano. Meno ya plastiki hayapo. Kilichopo ni vijino vichanga ambavyo bado havijatokeza, na fizi inayotoka damu kwa chuma kichafu. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS, zinki, ziwa la mama, na kupelekwa kituo cha afya.

Mnakumbuka 2011, kikombe cha Samunge kule Loliondo? Mchungaji yule alitoza shilingi 500. Magari yalipita Arusha usiku na mchana, watu wakafia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamemaliza. Wengi wa waliokwenda hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa, na mgonjwa hununua tumaini. Tofauti ni kwamba leo tumaini halina foleni wala vumbi la Loliondo. Limekuja hadi mlangoni, lina ripoti iliyochapishwa kwa rangi, na bei yake imepanda kutoka 500 hadi laki na nusu.

5.
Hapa nitawaudhi wenzangu. Potelea mbali.

Kuna watumishi wa afya wanaouza haya maboksi. Wengine wanavaa sare wakiuza. Wengine wanapiga picha na koti jeupe, wanaweka status: "Dozi imebaki moja." Mwenzangu, mama hakuamini boksi. Aliamini sare. Ile sare hukuinunua peke yako, imejengwa na manesi waliokesha kabla hujazaliwa. Ukiiazima kwa kampuni inayokulipa kamisheni kwa kila boksi, unauza kitu kisicho chako.

Na wale "madaktari" wa semina ya siku tatu hotelini, sisemi sana. Uuguzi tu ni miaka mitatu, na ukimaliza lazima usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Daktari ana baraza lake. Mtaalamu wa maabara ana baraza lake. Wa tiba asili na tiba mbadala wana Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 na baraza lao. Mtu ambaye hayupo kwenye baraza lolote, wewe unampa kizazi chako akisome?

Viongozi wa dini, wenyeviti wa VICOBA, mama zetu wa jumuiya: nawaomba kwa heshima. Mnapowapa hawa dakika kumi za matangazo, mnawapa dhamana yenu. Mama wa Kibosho hajui kampuni hiyo inatoka wapi, lakini mwenyekiti wake anamjua.

6.
"Na nyie hospitali je? Mnatukaripia, foleni saa tano, halafu mnasema dawa hakuna kanunue nje."

Ni kweli. Sitabisha. Mtu wa kirungu anakuita "mama yangu", anakukalisha, anakusikiliza nusu saa nzima, anakuuliza hata unalalaje. Sisi wakati mwingine tunakupa dakika nne na hatukuangalii usoni. Nafasi ile tuliyoiacha wazi ndiyo amekaa yeye. Kila nesi anayemfokea mama mbele za watu anampelekea mtu wa meza mteja, bila hata kulipwa kamisheni.

Lakini usichanganye mambo mawili. Kwamba sisi tuna lugha mbaya haifanyi chuma kijue kusoma ini. Ukikaripiwa, lalamika: kuna mganga mfawidhi, kuna sanduku la maoni, kuna kamati ya kituo ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Dai huduma yako huku. Usiende kujiadhibu kule.

7.
Kuna msemo unaniudhi: "mteja awe macho." Eti mama wa miaka 22 mwenye mtoto mgongoni apambane peke yake na kampuni yenye mashine, vipeperushi na wauzaji waliofundishwa maneno ya kusema. Hapana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa kazi hiyo. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Chakula na vipodozi viko chini ya TBS. TMDA na TBS zote zina ofisi za kanda Arusha, siyo mbali na Moshi. Wakaguzi wanaokwenda kukagua maduka ya dawa wapite na siku za gulio, wapite na kumbi. Maafisa afya wa kata, hizo meza mnazipita kila wiki.

8.
Wakati tunawasubiri, fanya haya:

Muulize jina lake kamili na namba yake ya usajili, na baraza gani limempa. Mwenye namba hakasiriki.

Soma boksi. TFDA ilibadilishwa kuwa TMDA mwaka 2019. Boksi lililotengenezwa baada ya hapo likijisifu "limethibitishwa na TFDA", jiulize nani kachapa hiyo lebo.

Dai risiti ya EFD. Akisema mtandao unasumbua, mwambie utarudi ukitengemaa.

Usitume hela kwa simu kabla hujaona mzigo.

Kinachodai kutibu sukari, presha, uvimbe, ugumba na nguvu za kiume kwa pamoja, hakitibu hata kimoja.

Usiache dawa ya kliniki kwa neno la mtu ambaye hatakuwepo usiku ukizidiwa.

Na kama ni mjamzito na unatokwa damu, kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, uso umevimba, una homa kali, au mtoto hachezi, usipitie kwa mtu yeyote. Njoo moja kwa moja kituo cha afya, hata saa nane usiku.

Kama umeshanunua, huna sababu ya kuona aibu. Boksi usilitupe. Lete kliniki, tuone kilichomo na kama kinagongana na dawa zako. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka nesi, niambie mimi.

Ile elfu kumi nunua mayai, dagaa na mchicha. Pika mtori, kula na mwanao. Halafu njoo kliniki Jumatatu tukupime damu kwa tone moja tu.

Kipande kijacho nitaongelea mkorogo na zebaki.