Kipindupindu Hakituvizii, Tunakingoja

Wingu likifunga upande wa bahari, wewe na mimi tunajua kitakachofuata. Mitaro itafurika. Vyoo vitatapishwa. Siku chache baadaye zahanati itajaa watu wanaoharisha na kutapika, na kiongozi atasimama mbele ya kamera aseme amepokea taarifa za mlipuko kwa mshtuko mkubwa.

Mshtuko gani? Kipindupindu tunacho nchini tangu miaka ya 1970. Mgeni yuleyule anabisha hodi mlango uleule kwa takriban miaka 50, halafu mwenye nyumba anadai hamtambui?

Nakukumbusha 2015, maana sisi ni wepesi wa kusahau. Agosti mwaka ule ugonjwa uliibuka Dar es Salaam. Ukatambaa mkoa kwa mkoa, ukavuka hadi Zanzibar. Kufikia katikati ya 2016 wagonjwa walishapita 20,000, na tuliowazika ni mamia. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015, akashika ufagio, na nchi nzima ikafagia.

Tulifagia, tukapiga picha, tukarudi nyumbani. Lakini kipindupindu hakikai kwenye majani makavu wala kwenye makaratasi ya barabarani. Kinakaa kwenye kinyesi kilichoingia kwenye maji. Ufagio utakifikia wapi?

Twende uswahilini, tusizungukane. Choo cha shimo kimejaa. Gari la kunyonya haliingii kichochoroni, na hata likifika, mwenye nyumba anaikimbia bei. Basi anangoja mvua kubwa ya usiku. Anachimba pembeni, anatoboa ukuta wa choo, na uchafu wa miaka unatoka na maji mpaka mtaroni, kutoka mtaroni mpaka kwenye kisima ambacho jirani anateka na kuuza dumu kwa dumu. Asubuhi mtaa mzima unanuka na hakuna aliyeona kitu.

Hakuna aliyeona? Wewe uliona. Mjumbe aliona. Mwenyekiti alipita hapo ameinua suruali asilowe, akakusalimu, ukamwitikia. Mkanyamaza wote. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao safari hii ni mtoto wako aliyekunywa maji ya dumu lile.

Na bwana afya alikuwa wapi?

Waulize wazee habari zake. Alikuwa akiingia uani anachungulia mtungi, anakagua choo, akikuta viluwiluwi vya mbu kwenye pipa analimwaga mbele yako na maneno anakupa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na wakitoka hapo walishika majembe, wakachimba vyoo. Redio na jembe! Nchi ilikuwa na nini wakati ule ambacho leo hatuna?

Katani kwangu afisa afya yupo. Hana pikipiki. Hana kipimo cha maji. Hana klorini ya kutia kisimani. Alicho nacho ni kitabu cha faini. Akitokea kona ya soko, mama lishe anafunika masufuria na kutimua mbio, naye hakimbii vijidudu, anakimbia stakabadhi. Mtu aliyepaswa kuwa mlinzi wa afya yetu tumemgeuza mkusanya mapato.

Wala usiniambie sheria hakuna. Sheria ya Afya ya Jamii ipo tangu 2009. Inampa afisa huyu mamlaka ya kukagua na kuamuru uchafu uondolewe. Mamlaka anayo, nauli hana. Utakagua mitaa kumi kwa miguu na kwa mate matupu?

Kinga ni bora kuliko tiba: tumeiandika kwenye kuta za kila zahanati. Bajeti haisomi kuta. Kinga haina utepe wa kukata. Nani atakuja na msafara kuzindua kisima kilichotiwa klorini? Nani atapigiwa ngoma kwa ajili ya mtoto ambaye hakuharisha?

Subiri watu waanze kufa, uone. Mahema yatapatikana. Magari yatapatikana. Vikao vitapatikana, na posho za vikao. Fedha iliyokosekana Februari itaonekana Aprili, tena nyingi, ila itatukuta makaburini.

Usidanganyike kwamba hatuwezi. Machi 2023 virusi vya Marburg vilitangazwa Kagera. Wataalamu walifuatilia kila aliyetangamana na wagonjwa, wakawapima joto, wakawaangalia siku hadi siku. Walikufa watu sita, na Juni 2 ugonjwa ukatangazwa kwisha. Tuliweza! Kwa nini basi Manzese ya Dar es Salaam tushindwe? Kwa sababu Marburg hupanda ndege na dunia ikashtuka. Kipindupindu hupanda daladala, kinashuka kwa akina sisi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ugonjwa huu hautakiwi kuua. Mgonjwa akiwahiwa kwa maji ya chumvi na sukari ya ORS, na dripu kwa aliyezidiwa, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja. Akicheleweshwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo kiongozi atakayekiita “kuharisha kwa kawaida” ili asichafue jina la wilaya yake ajue anaiba saa za watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bahati mbaya, anayeumbuliwa ni yeye na anayezikwa ni wewe.

Halafu wewe umelala! Mpira ukichezwa unajua kikosi kizima, mpaka wa akiba. Afisa afya wa kata yako unamjua jina?

Amka. Mkutano wa mtaa ukiitishwa kabla ya mvua, nenda, na usiende kupiga makofi. Uliza: visima vya mtaa huu vilipimwa lini, na majibu yako wapi? Klorini imenunuliwa kiasi gani? Halmashauri imemtengea afisa afya shilingi ngapi za kazi, mbali na mshahara? Vyoo vilivyojaa ni vingapi, na gari la kunyonya linakuja lini, kwa bei ambayo mtu wa kipato chetu anaiweza? Wakikujibu “linafanyiwa kazi”, usikae. Uliza tarehe, iandikwe kwenye muhtasari.

Nawe mwenye nyumba unayeinua jicho mawinguni ukingoja usiku wa mvua: tunakujua. Safari hii jina lako litatajwa mkutanoni, mchana kweupe, mbele ya wapangaji wako.