Kuflashi simu kusiwe dawa ya kwanza

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Mbagala Rangi Tatu. Naandika kupinga jambo moja tunalolifanya mafundi wengi: kuflashi simu ya mteja, yaani kuifuta yote na kuiwekea mfumo upya, kabla ya kujua ina tatizo gani. Simu ikistaki, inaflashiwa. Ikikataa WhatsApp, inaflashiwa. Ikileta matangazo, inaflashiwa. Mteja anarudishiwa simu nyepesi, tupu, na analipia utupu huo.

Alikuja kwangu mama mmoja muuza samaki wa Feri. Simu yake ilikuwa nzito, kijana wake akaipeleka kwa fundi, ikafutwa yote. Humo mlikuwa na picha za marehemu mumewe, sauti alizomtumia akiwa amelazwa, na orodha ya wateja wanaodaiwa. Aliniomba nivirudishe. Sikuweza. Simu nyingi za sasa huhifadhi vitu vyako kwa msimbo wa siri, na ukiifuta simu, ufunguo wa msimbo huo hufutika pia. Kama hukuweka nakala kwingine, basi tena.

Uzito wa simu kama ile kwa kawaida unatokana na nafasi kujaa. Simu ya GB 32 huliwa sehemu kubwa na mfumo wenyewe. Kinachobaki hujazwa na video za magrupu: harusi, vikoba, mahubiri, vichekesho. Ingia WhatsApp, fungua mipangilio, nenda sehemu ya hifadhi. Itakuonyesha faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Futa usizozihitaji, kisha zima upakuaji wa moja kwa moja. Picha za mumeo zinabaki mahali pake.

WhatsApp ikikataa kufunguka, tazama kwanza tarehe. Simu iliyozimika baada ya chaji kuisha kabisa huweza kuwaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na hapo WhatsApp na kurasa nyingi za intaneti hugoma. Ukirekebisha tarehe, kazi imekwisha. Matangazo yanayoruka kwenye kioo hata hujafungua kitu, mara nyingi yameletwa na programu uliyoiweka karibuni, tochi au ile inayodai kusafisha simu. Unaiwasha simu katika hali salama, ambayo huzima programu zote ulizoongeza, unaiondoa yenye makosa, unawasha upya.

Kuflashi kuna hasara nyingine. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zikifutwa kwa vitufe huomba akaunti ya Google iliyokuwamo. Ulinzi huo uliwekwa ili mwizi asinufaike. Lakini hapa kwetu watu wengi walifunguliwa akaunti na muuzaji siku waliponunua simu, kwa jina la kubuni na neno la siri ambalo hawakuambiwa. Simu inafutwa, inadai akaunti, mwenyewe haijui. Simu yake halali inakuwa imefungwa mkononi mwake, na analipa tena ili ifunguliwe.

Sisemi kuflashi ni kosa. Simu inayoganda kwenye nembo baada ya sasisho kuharibika mara nyingi haina njia nyingine. Kosa ni kuanza na njia ya mwisho kwa sababu ina bei inayojulikana na haihitaji kufikiri. Kuuliza maswali kunakula muda, na foleni ipo. Hata hivyo mteja hakutuletea chuma na kioo tu. Katuletea mambo yake.

Mteja nawe una haki ya kuuliza. Fundi akisema ataiflashi, mwambie: tatizo ni nini, umelijuaje, vitu vyangu vitabaki? Akishindwa kujibu, chukua simu yako uende kwingine. Ukilazimika kuiacha, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na usimpe mtu yeyote namba ya siri ya pesa. Hakuna kioo wala sistimu ya chaji inayotengenezwa kwa namba hiyo. Ikiwezekana kaa hapo hapo utazame anachofanya, ili safari ijayo ujifanyie mwenyewe.

Mafundi wenzangu, tuweke utaratibu mmoja: simu isifutwe mpaka mwenyewe aambiwe atapoteza nini na akubali kwa kinywa chake. Nawe msomaji, leo simu yako ikiwa bado nzima, fungua mipangilio uangalie ni akaunti gani ya Google imo ndani. Kama huijui, fungua yako, andika neno la siri kwenye daftari la nyumbani, weka nakala ya picha na namba zako, kisha uiondoe ile ya muuzaji. Fanya hivyo kabla hujanihitaji mimi.