Yadi ya mizigo juu ya meza
Kwa kijana wa Miyuji anayetaka kuunda reli ya mfano, ombi langu ni moja: asianze na stesheni ya abiria, aanze na yadi ya mizigo. Dodoma tuna reli mbili, Reli ya Kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, yenye upana wa milimita 1,000, na reli mpya ya SGR yenye 1,435. Behewa la huku halipiti kule, kwa hiyo shehena inayohama reli lazima ishushwe na kupakiwa upya. Hapo ndipo penye utamu. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, SGR inakuwa na upana wa milimita 16.5 na kontena la futi 40 linabaki na urefu wa sentimita 14. Ubao wa mita mbili unatosha. Wengi hujaza njia za kuegeshea mabehewa wakasahau njia ya kuvutia, ile ambayo kichwa cha treni hurudi nyuma na mabehewa yake bila kuziba njia kuu. Mwingereza Alan Wright hakuisahau. Yadi yake ya mfano, ambayo ni mchezo wa kupanga mabehewa, ina njia tatu, moja ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu, na njia ya kuvutia huchukua kichwa na mabehewa matatu. Kati ya mabehewa manane, mchezaji huunganisha matano kwa mpangilio aliopewa. Basi yadi ichorwe kwanza kwa chaki sakafuni, maganda ya viberiti yawe mabehewa, na kando ya jukwaa la kushushia mizigo ibaki nafasi ya lori kugeuka, maana bila hiyo shehena haitoki yadini.