ALBAMU "IMEBUMA"? WANAOMWAGA POVU WASOME KWANZA KISA CHA TALK TALK NA EMI

Kuna kundi la watu mtandaoni, majina hayatajwi, wenyewe wanajijua. Albamu ikitoka saa sita usiku, saa sita na nusu wameshatoa hukumu: "Imebuma." Wamesikiliza sekunde 20 za wimbo wa kwanza, wakaruka wa pili, wakakimbilia kuangalia namba. Namba zikiwa ndogo, basi msanii "kaishiwa", "kapotea njia", "arudi kwenye fleva yake ya zamani".

Watu wa aina hii hawakuletwa na simu janja. Walikuwepo kabla ya intaneti, tena wengine walivaa suti na kukaa kwenye ofisi kubwa za lebo. Kisa cha Talk Talk, bendi ya London, kinatosha kuwaumbua wote.

Talk Talk walianza 1981 wakipiga pop ya kuchezeka, ile ya vinanda vya umeme. Mwaka 1986 albamu yao ya The Colour of Spring ikafika namba 8 Uingereza. EMI, lebo yao, ikafurahi, ikalegeza mfuko, jamaa wakarudi studio. Kilichosubiriwa kinajulikana: ngoma zile zile zipigwe msasa kidogo, ziuzwe tena.

Kilichotoka Septemba 1988 kinaitwa Spirit of Eden. Nyimbo 6 tu, dakika kama 41. Mwanzo wake ni tarumbeta na nyuzi zinazosikika kwa mbali, na zinapita zaidi ya dakika mbili kabla gitaa halijaamka. Nyimbo tatu za kwanza zimeungana kama wimbo mmoja mrefu. Ndani yake yumo Nigel Kennedy na fidla, yumo Danny Thompson na lile besi kubwa la mbao, ipo na kwaya ya kanisa kuu la Chelmsford. Mwimbaji Mark Hollis na prodyuza Tim Friese-Greene waliwaita wanamuziki kwenye studio yenye giza, wakawaacha wapige chochote kinachowajia kwa saa nyingi. Baadaye wakachagua vipande vichache, vingine vyote wakavitupa. Kazi hiyo iliwachukua karibu mwaka mzima.

Sasa povu. Hiti iko wapi? Kiitikio kiko wapi? Hii itapigwa redio gani? Albamu iliishia namba 19, singo yake ya "I Believe in You" haikufua dafu, na bendi haikufanya hata ziara ya shoo. EMI nayo ikaenda mahakamani ikidai kwamba kazi aliyoletewa haiuziki kibiashara. Yaani msanii anashtakiwa kwa sababu albamu yake haina hiti! Kesi ikatupwa. Kukawa na vita nyingine ya mkataba, bendi ikachomoka, na albamu iliyofuata, Laughing Stock ya 1991, ikatoka kwa lebo ya Verve.

Wapo watakaosema lebo ni biashara, ilitoa hela, ina haki ya kudai faida. Hoja hiyo ina mashiko. Hela ya studio haiokotwi barabarani. Wala si kila albamu iliyokosa soko ni dhahabu iliyofichwa. Nyingine ni mbovu kweli na hazina pa kujitetea. Lakini "haiuziki" ni habari ya duka. Haisemi chochote kuhusu kilichomo ndani ya wimbo. Na anayesema "sijaizoea" akimaanisha "ni mbaya", huyo anajipima mwenyewe tu.

Tena hata hizo namba wanazoziabudu huwa zinawageuka. "It's My Life" ya Talk Talk ilipotoka 1984 iligota namba 46 Uingereza. Kwa lugha ya leo, imebuma. Mwaka 1990 ikatolewa upya, sauti ile ile, maneno yale yale, ikapanda hadi namba 13. Mwaka 2003 No Doubt wakairudia, dunia nzima ikaiimba, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba ni wimbo wa No Doubt. Je, wimbo ulikuwa mbaya 1984 ukawa mzuri 1990? Wimbo haukubadilika hata herufi moja. Masikio ndiyo yalichelewa.

EMI yenyewe haikuacha kuvuna. Ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za bendi hiyo, ukauzika vizuri. Ikanogewa, 1991 ikatoa na remiksi bila ridhaa ya wenyewe. Safari hii Talk Talk ndio walioshtaki, wakashinda, nakala zilizobaki zikaharibiwa.

Na Spirit of Eden? Leo inatajwa kama moja ya albamu zilizofungua njia ya muziki mzima ulioitwa post-rock, na wanamuziki wakubwa, akiwemo mwimbaji wa Elbow, wameisifu waziwazi. Hollis mwenyewe alitoa albamu moja ya peke yake 1998, kisha akakaa kimya na familia yake. Alifariki Februari 2019 akiwa na miaka 64. Siku zile mitandao ilifurika sifa, na albamu iliyotajwa kila kona ni ile ile iliyoambiwa haiuziki.

Ndiyo tabia ya wazee wa povu. Msanii akiwa hai, anachambwa kwa kuthubutu. Akishazikwa, wanapanga foleni kumpa maua yake, eti walimuelewa tangu mwanzo. Kumbe maua hayo yalikuwa bure kabisa mwaka ule ule albamu ilipotoka: kuzima simu, kuacha wimbo ufike mwisho, kurudia mara ya pili kabla ya kuandika.

Baada ya hapo, asiyeipenda aseme haipendi, tena kwa sauti. Ila aseme ameisikia. Hilo la nusu saa waachiwe wanasheria wa lebo, na hata wao mahakama iliwakatalia.