Riwaya Ninayoingoja Huruma

Nikiulizwa ni riwaya zipi mpya ninazozitazamia kwa hamu, sina budi kukiri kwamba huku kwetu Huruma riwaya haingojwi, huletwa. Hupanda ngazi ndani ya mkoba wa mwanafunzi wa sekondari: ilitangulia Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ikafuata Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Muda wa kutahiniwa ukiisha, nakala hurundikwa kando ya barabara kwa bei ya kutupa.

Si kwamba miswada haipo. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoasisiwa 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imelithibitisha hilo. Tangu Ida Hadjivayanis atupe Peponi (2022), tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, nami nimekuwa nikizitamani kazi nyingine za Gurnah kwa Kiswahili.

Lakini ninayoingoja hasa bado haina jina. Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka papa hapa Huruma, wakafa watu zaidi ya 40. Mtoto mchanga alitolewa kifusini akiwa hai baada ya siku tatu. Magazeti yalihesabu maiti, yakaenda zake. Mimi sijasoma riwaya ya Kiswahili inayoketi kwenye ngazi za jengo kama lile, ikawasikiliza wapangaji wakisemezana, Sheng na yote. Wapo watakaodai kwamba Sheng itaikosesha soko la shule. Na iikoseshe! Mwandishi wake huenda yumo humu chamani mwetu. Namwomba nakala kabla watahini hawajaipata.