Kambi zimevunjwa: na nani?

Mwezi wa pili 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Goma, habari moja ilizunguka haraka: "Kambi za wahami zimevunjwa." Aliyekuwa mbali aliridhika nayo. Familia iliyolala Bulengo au Lushagala ilibaki na swali: zimevunjwa na nani?

Kiswahili kinabadilisha mambo kwa herufi chache. Kambi imevunjika, kama ukuta uliochoshwa na mvua: hakuna mtu hapo. Kambi imevunjwa: ile "w" ndogo inakubali kwamba kuna mkono, ila mwenye mkono hatajwi. Fulani amevunja kambi: sasa mtu anaonekana pamoja na kazi yake. Shuleni wanaita kutendeka, kutendwa na kutenda. Asiyekuwa na daftari aongeze tu "na nani?" mwishoni mwa habari. Na asidanganywe na "ameuawa kwa risasi". Hiyo "kwa" inataja chombo, si mtu, na habari nyingi za Kivu zinaishia hapo.

Lakini kutenda nako kunaweza kuficha. Kule Bulengo, M23 iliwapa wahami saa 72 waondoke, kisha ikasema kwamba kurudi ni kwa hiari. Waliofungua kamba za mahema ni wahami wenyewe. Basi mtu anaweza kuandika, "Wahami wamebomoa mahema yao na kurudi vijijini." Mtendaji yupo, kitendo kipo, kila neno ni kweli. Ila amri imepotea, na anayesikia anafikiri watu walifurahi kurudi.

Tusiilaumu "w" bure. Maiti ikikutwa shambani na hakuna aliyeona, "ameuawa" ndilo neno la haki. Kutaja kundi au kabila kwa uvumi kunaweza kuwachomea nyumba watu wasio na kosa. Kuna pia shahidi anayeishi karibu na wenye silaha. Jina likitajwa, yeye ndiye atakayelipa. Hapo mwandishi aseme wazi kwamba muuaji hajajulikana, au kwamba shahidi anaogopa, badala ya kukata sentensi katikati kama vile hakuna cha kuuliza.

Kwenye ugawaji wa chakula udhuru huo haupo. "Majina yameondolewa kwenye orodha," wahami wanaambiwa mara nyingi, na hapo hakuna bunduki inayomzuia msemaji. Ni kamati ya kambi iliyoyaondoa? Ni yule aliyeandikisha watu? Ni ofisi ya shirika mjini? Tangazo linasema "yameondolewa", watu wanatawanyika, na mama mwenye jetoni mkononi hajui abishe hodi mlango gani.