Akiba Isiyojua Nasaba Yake

Jioni moja hapa Magindu, wilayani Kibaha, nilipokuwa nikiitengeneza tovuti ya duka la mbegu la ndugu yangu, nilibadili rangi ya kurasa zote, kijani iwe buluu, katika faili moja dogo; nikaamrisha ujenzi, na kompyuta, maadamu faili kuu halikuguswa, ikanirudishia kutoka akibani, yaani katika nakala ilizohifadhi za ujenzi uliopita, ukurasa ule ule wa kijani. Ikanibidi niifute akiba yote, nijenge upya toka mwanzo, nipakie hata mafaili yasiyo na kosa, na bando likaisha kabla ya kazi.

Faili la mitindo, yaani lile linalopanga rangi, herufi na nafasi za ukurasa, aghlabu halijitegemei: ndani yake mna amri ya @import inayoita faili jingine, nalo likaita la tatu. Stuart Feldman alipounda programu ya Make mwaka 1976, huko Bell Labs Marekani, aliweka kanuni kwamba kijengwe upya kile tu ambacho asili yake imebadilika. Walakini kuitaja asili hiyo alimwachia binadamu, na binadamu husahau.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba programu ya ujenzi iyasome mafaili yenyewe kwa sarufi yake, isiyapekue kwa kusaka neno tu, kwani @import iliyomo ndani ya maelezo ya mwandishi si amri, na msaka neno huidhani amri. Tena Sass, zana inayotafsiri mafaili ya mitindo, hulitafuta faili linaloitwa folda baada ya folda. Likipatikana katika ya pili, yapasa iandikwe pia kwamba katika ya kwanza halikuwapo, maana siku litakapowekwa huko ndilo litakalotangulia. Wanachuoni wa hadithi za Mtume hawakuridhika na maneno matupu bila isnadi, wakauliza kila msimulizi kapokea kwa nani. Kadhalika alama ya utambulisho wa faili katika akiba haina budi itokane na yaliyomo katika silsila nzima.

Enyi vijana mnaounda zana hizi Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, sisi tunaonunua bando kwa shilingi za kuhesabu twawaomba jambo moja: kabla hamjaisifu kasi ya akiba yenu, badilini faili la mwisho kabisa katika silsila, kisha mtazame kama ukurasa wa kwanza umebadilika.